Nilisema Ni Uchachu Tu

Mwaka 2009 nilimwambia mzee mmoja wa Nyamongo, wilayani Tarime, kwamba maji ya Mto Tigithe yanafaa kunywesha ng'ombe iwapo yatatiwa chokaa kwanza. Nikaongeza kwamba chokaa ikizidi haina neno, na kwamba tope litakalobaki chini ya hori alimwage kwenye bustani ya mboga, litarutubisha. Mambo yote matatu nilikosea. Nilikuwa mwalimu wa kemia mwenye shahada, na yule mzee hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Mei ya mwaka ule maji yenye asidi yalikuwa yamevuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara yakaingia Tigithe, mto mdogo unaomwaga maji yake Mto Mara. Mgodi ulieleza kwamba wezi walikata na kubeba plastiki iliyotandikwa kwenye bwawa la kuhifadhia maji hayo. Wanavijiji walisema watu na mifugo wamekufa. Shuleni kwetu hapakuwa na habari nyingine mezani pa walimu, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Mimi, kwa kuwa kemia ni somo langu, nilikuwa na la kusema kuliko wote.

Mzee alikuja na dumu la mafuta ya kula lililojaa maji. Mwanawe alikuwa kidato cha tatu, mwanafunzi wangu. "Mwalimu," akaniambia, "mura huyu anasema unayo karatasi inayoonyesha maji kama ni mabaya au mazuri."

Sikumsahihisha. Kijana alikuwa amesema hivyo kwa sababu mimi ndivyo nilivyowafundisha darasani, au angalau ndivyo nilivyowaacha waamini, kwa kuwa hakuna kitu kinachowaamsha wanafunzi saa saba mchana kama karatasi inayobadilika rangi.

Nikachovya litmasi ya bluu, ikawa nyekundu papo hapo. Nikaagiza chokaa, ile ya kupakia ukuta, nikaikoroga kidogo kidogo. Maji yakageuka mawingu ya rangi ya kutu, tukasubiri, mawingu yakazama, juu yakabaki maji meupe kabisa. Nikachovya tena: bluu ikabaki bluu, nyekundu ikabaki nyekundu. Mzee alitikisa kichwa kwa mshangao. "Kumbe ni uchachu tu," akasema. Nami nikajibu, "Ni uchachu tu, mzee wangu."

Niseme kwanza nilichokipatia, maana hakikuwa kidogo. Asidi ile haikumwagwa na mtu kutoka kwenye pipa. Ndani ya miamba ya Nyamongo mna madini yaliyofungamanisha chuma na salfa, nayo yakikaa chini kabisa, mbali na hewa, hayana shida na mtu. Ukiyachimba, ukayavunja na kuyarundika juu ya ardhi, oksijeni na maji ya mvua huyafikia. Salfa inageuka asidi ya salfuriki, chuma kinageuka kutu, na wako bakteria ambao riziki yao ni kazi hiyohiyo, wanaoiharakisha mara nyingi. Rundo la mawe la namna hiyo linaweza kuendelea kutoa asidi kwa miaka mingi hata kama hakuna anayeligusa. Na chokaa kweli ni besi: ikikutana na asidi ya salfuriki hutoka maji na jasi, ambayo ndiyo hiyo inayotengenezewa chaki. Migodi mingi duniani hutibu maji ya asidi kwa chokaa. Kwa hiyo sikuwa nimebuni uganga. Nilichukua ukweli wa kitabuni, nikaukata katikati, nikampa mzee nusu.

Nusu niliyoiacha ni hii. Asidi inapopita kwenye mawe huyeyusha vilivyomo: shaba, nikeli, zinki, alumini, na arseniki pale ambapo mwamba unayo. Litmasi haina habari na hata kimoja kati ya hivyo. Inajibu swali moja tu, kama maji ni ya upande wa asidi au wa besi, na hata hilo inalijibu kwa ujumlajumla. Kila hatua ya kipimo cha pH ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo maji ya pH 3 yana asidi mara kumi ya maji ya pH 4, lakini karatasi ile ni nyekundu kotekote chini ya 4.5. Baina ya hapo na kama 8.3 ni eneo la katikati, na humo unaweza kuficha mengi. Maji yenye arseniki ya kumwua mtu polepole yanaweza kuwa safi machoni, yasiwe na ladha, na yasibadilishe litmasi yoyote. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa arseniki katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Hakuna jicho wala ulimi unaofika huko.

Lile la chokaa ikizidi ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hapo sikusahau tu, nilisema kinyume. Kutu ile iliyozama mbele ya macho yetu inaweza kweli kubeba arseniki. Maji yakiwa na asidi kidogo au yakiwa katikati, arseniki hung'ang'ania chembe za kutu na kushuka nazo. Lakini ukizidisha besi, pH ikapanda kupita 8 au 9, kutu huanza kuiachia, nayo inarudi majini. Metali kadhaa hutenda kinyume. Nikeli na zinki hutaka pH ya juu ndipo zishuke. Ndiyo maana kwenye mitambo ya kutibu maji chokaa hutiwa kwa kipimo, mtu akiwa na mita mkononi. Mimi nilimwambia mzee atie kwa mkono, na mkono ukizidi asijali. Majivu nayo nilimruhusu, kwa kuwa ni besi kama magadi ya kupikia maharage, na jikoni yapo bure.

Na tope? Nililiona ni chokaa, na chokaa ni dawa ya udongo wenye asidi, jambo ambalo wakulima wa kahawa wa Tarime hawahitaji kufundishwa. Sikujiuliza hata dakika moja: kama maji juu yamekuwa meupe, kile kilichokuwamo kimekwenda wapi? Kimekwenda kwenye tope. Kila kilichotolewa majini kilikuwa pale chini ya hori, kimekusanyika, nami nikaelekeza kipelekwe kwenye mchicha.

Nilihamishiwa Mugumu, wilaya ya Serengeti, ng'ambo ya Mto Mara, na kwa miaka niliisahau habari hii. Ikanirudia mwaka 2019, baada ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, kuutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi. Bwawa la topesumu la mgodi likawa habari ya redio asubuhi na jioni, wanafunzi wakaniuliza, nikaona aibu kujibu bila kusoma. Ndipo nikakutana na utafiti ambao watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Norwei walikuwa wameufanya mwaka uleule wa 2009. Walipima udongo, mchanga wa mtoni na maji ya maeneo yanayouzunguka mgodi, na walikuta arseniki nyingi kupita kiasi. Walikuwa wakipima arseniki mwaka uleule niliokuwa nikichovya karatasi. Nilisoma ukurasa wa majedwali nikakumbuka dumu la mafuta ya kula.

Ungetegemea kwamba baada ya hapo nilijifunza kunyamaza. Machi 2022 maji ya Mto Mara yakawa meusi upande wa chini, samaki wakaelea wamekufa. Nilikuwa wa kwanza katika ofisi ya walimu kusema ni asidi ya mgodi, hata kabla sijaona tone. Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyomaliza oksijeni majini. Nchi nzima ilicheka. Mimi nilicheka kuliko wengine. Nilichora ng'ombe ubaoni.

Sitetei ripoti ile. Nani alichafua nini mwaka ule, wengi hawajaridhika mpaka leo, na wana haki ya kuuliza. Ninachokiri ni kwamba nilicheka kama mkemia na hali kemia ilikuwa upande wa pili. Kinyesi kikizidi majini, vijidudu vinavyokiozesha hutumia oksijeni, na samaki wanakosa hewa bila asidi wala sumu ya kiwandani. Kwenye mto huohuo, upande wa Kenya, watafiti walikuwa wameshaandika mwaka 2018 jinsi kinyesi cha viboko, ambao huko wako kama 4,000, kinavyojikusanya kwenye madimbwi, mvua ikakisukuma kwa pamoja, samaki wakafa chini ya mkondo. Asidi ingeweza kuua samaki pia, kwa njia nyingine: alumini iliyoyeyuka huziba matamvua yao. Vitu viwili tofauti, dalili moja. Anayetaka kujua kipi ni kipi anapima oksijeni, anapima pH, anapima metali. Mwaka 2009 nilipima kitu kimoja nikasema maji ni mazuri. Mwaka 2022 sikupima hata kimoja nikasema ni mabaya ya namna fulani. Mara zote mbili watu waliniamini kwa sababu ya somo ninalofundisha.

Mwaka jana nilivuka kwenda Nyamongo kumtafuta mzee. Alikwisha fariki, kwa uzee, walisema, na mimi sina la kuongeza wala la kupunguza. Nilimkuta mwanawe, yule wa kidato cha tatu, sasa ana watoto wake. Nilimweleza yote kama nilivyoyaandika hapa. Nilidhani atakasirika.

"Mwalimu, chokaa tuliiacha mapema," akasema. "Ilikuwa na bei. Tukahamia majivu, nayo tukachoka. Baba akasema mwalimu alishatuambia ni uchachu tu, mvua zikinyesha maji yatapoa. Tukawa tunanywesha hivyohivyo."

Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Kwa miaka yote nilikuwa nimehangaika na chokaa iliyozidi, kumbe ushauri wangu wa chokaa ulidumu wiki kadhaa. Kilichodumu miaka ni yale maneno matatu, "ni uchachu tu", niliyoyatupa kwa kumridhisha mzee.

Nikamuuliza kuhusu tope. Lile walilimwaga kweli, kwa kuwa halikuwa na gharama. Bustani ile sasa ni shamba la mahindi la kaka yake. Akataka kujua kama waendelee kula mahindi yale, nikamwambia siwezi kujua kwa kutazama, na safari hii sitakisia. Udongo unapaswa kupelekwa Mwanza, kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Gharama nikasema ni juu yangu.

Bado haujakwenda. Kaka mtu amekataa udongo wake usichotwe hata kijiko. Anasema siku ya tathmini ya fidia ya mgodi itafika, kama ilivyofika kwa majirani, na ardhi ikishaandikwa kwenye karatasi ya serikali kwamba ina sumu, hakuna atakayemlipa bei ya ardhi nzima. Nimekwenda kuzungumza naye, akanikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nina uhakika, na nikalazimika kumwambia kwamba sina, kwamba ndiyo sababu nataka upimwe. Akasema basi nikipata uhakika nirudi.