Kitufe Kilichofichwa Hamburg

Jumanne iliyopita nilikaa saa mbili na nusu mbele ya kompyuta, hapa Hamburg, nikitafuta mlango wa kutokea. Nahama nyumba, na huko niendako intaneti imo ndani ya kodi. Kwa hiyo nilikuwa na neno moja tu kwa kampuni inayoniuzia intaneti: asanteni, mwisho wa mwezi tuachane.

Tovuti yao ilipofunguka, likaja dirisha likaziba ukurasa mzima: nikubali wanifuatilie. Kukubali kumeandikwa kwa herufi nono ndani ya boksi la kijani. Kitufe cha kukataa ni kijivu juu ya kijivu, na ukikibonyeza unapewa msururu wa swichi uzizime moja moja. Nikazizima. Ikadai namba ya mteja. Nikaweka, kumbe ile ni namba ya mkataba. Zote mbili ziko kwenye bili, zimepandana, kwa macho ni ndugu mapacha. Neno la siri nalo limepitwa na muda. Weka jipya lenye herufi kubwa, tarakimu na alama, ila si alama hiyo uliyoweka. Ipi basi? Hawasemi. Na muda wote huo roboti yuko pembeni ananiuliza kama ningependa intaneti ya kasi zaidi.

Na Ujerumani ina sheria ya jambo hili! Tangu Julai 1, 2022, anayeuza mikataba ya namna hii kwenye tovuti lazima aweke na kitufe cha kuivunja, kinachoonekana na kufikika bila taabu. Nilikipata chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za sisimizi. Nilipomaliza kujaza, nikaambiwa nisubiri barua. Ya karatasi. Ya posta.

Jioni nikampigia shangazi yangu aliyeko Gare, kule milimani Tanzania. Alikuwa ameshauza kabichi zake. Mnunuzi wa Dar alikuwa ametuma hela, na ya kutolea juu, gari limeshateremka Mombo, na yeye ameshamtumia dada yake aliyeko Soni kiasi cha dawa. Simu yake ni kiswaswadu kilichofutika namba tano kwa kubonyezwa. Shangazi aliishia darasa la nne. Lakini *150*00# anaibonyeza huku anaongea na jirani: moja, namba, kiasi, namba ya siri. Kabla hela haijaondoka, linatokea jina la mpokeaji, naye hulisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, mpaka aridhike. Kiswahili kitupu. Hakuna bando, hakuna intaneti. Ile menyu inapita kwenye mtandao ule ule wa kupigia simu, hata ukungu ukilala juu ya misheni ya pale usione mti wa tatu.

Huduma hiyo, M-Pesa, haikudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 2005 kule Kenya, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walikuwa wanajaribu njia ya wakopaji wadogo kurudisha mikopo kwa simu. Wakopaji wakaigeuza kwa mahitaji yao, wakaanza kutumiana hela. Waundaji wakatazama, wakaelewa, mikopo wakaiweka kando. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kama njia ya kumtumia mtu hela, na 2008 ikaingia Tanzania. Hapo ndipo ninapoumia. Kuna watu walimtazama mtu kama shangazi yangu anavyotumia simu, wakampunguzia hatua. Hawa wa kwangu nao wamenitazama, tena kwa makini kuliko wale, wakaniongezea.

Najua mtakayosema. Wakala hana salio. Sistimu iko chini, rudi kesho. Foleni za alama za vidole za kusajili laini. Tozo za miamala za 2021. Na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Binamu yangu waliwahi kumlia ada nzima ya mtoto, sijasahau. Menyu yenyewe ukichelewa kidogo inajifunga uanze upya, na hilo linaniudhi kila nikirudi likizo. Yote kweli. Lakini pale kibandani yuko mtu. Ana daftari, ana kalamu imefungwa kwa uzi, na anajua wewe ni mtoto wa nani. Ukikosea namba anakuambia, rudi nyuma mama, hiyo siyo.

Kinachonitia hofu ni kwamba ya huku yameanza kupanda mlima. Mwaka jana mpwa wangu alimnunulia shangazi simu ya kupangusa, akamwekea programu ya kutumia hela. Ikifunguka inaanza na tangazo. Siku akiwa na haraka inadai isasishwe kwanza, na bando hana. Akairudisha kabatini, akachukua kiswaswadu. Naomba wenye mamlaka ya mambo haya wasije wakaizima ile menyu kwa kudhani kila mtu ameshahama.

Nikamsimulia basi safari yangu yote, swichi, namba mbili, roboti, barua. Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake.

"Pole, mwanangu," akasema. "Kwani huko hamna wakala?"