Bustani ya Wakfu Nyuma ya Madrasa

Mombasa ni kisiwa cha matumbawe. Ukichimba kidogo tu katika Mji wa Kale, jembe hugonga jiwe, na jiwe la namna hiyo ndilo lililojengewa majumba yetu, misikiti yetu na kuta za Fort Jesus. Anayezipita chochoro zake hutarajia kuona milango ya nakshi, baraza na paka waliolala kivulini. Hatarajii kukuta matuta ya mchicha. Lakini yapo, na kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri sisi wanawake wa mtaa huu, pamoja na watoto wetu, huenda kuyatumikia kwa kujitolea.

Wasomaji wetu wasioijua njia, na waifuate hivi. Ukiiacha barabara ya magari, utaingia uchochoro usiopitisha gari, utampita fundi wa kanzu na muuzaji wa viazi vya karai, kisha utafika kwenye lango la mabati lililopakwa rangi ya kijani. Ndani yake kuna kiwanja cha wakfu, urefu wake hatua 35 na upana wake hatua 20, kilichopakana na ukuta wa nyuma wa madrasa. Upande mmoja umesimama mwarobaini mkubwa. Upande wa pili kuna kisima cha zamani. Kwa miaka mingi mahali hapa palikuwa jaa la taka, na mama waliwakanya watoto wasipakaribie.

Kisima kile ndicho kilichotupa somo la kwanza. Ami mmoja wa jirani, baharia mstaafu, aliyaonja maji akatabasamu. “Wanangu,” akasema, “haya ni ya munyu. Maji ya pepo mtayapata juu, si chini.” Alikuwa akilionyesha paa la madrasa kwa bakora yake. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 100, likipata mvua ya milimita 20, laweza kutoa karibu lita 2,000, ukiacha yale yanayomwagika njiani. Tukachanga, tukafunga mifereji na tangi. Sasa mvua za masika na za vuli hutuwekea akiba, na kaskazi inapokausha kila kitu hununua maji ya mkokoteni kwa mitungi ya lita 20, tukayatumia kwa kipimo kama maji ya udhu safarini.

Udongo nao ulikuwa haba. Hapo tukaifuata njia ya wanawake wa Kibera, Nairobi, ambao hupanda sukuma wiki ndani ya magunia mbele ya nyumba zao. Gunia husimamishwa, kopo kubwa lisilo na kitako likawekwa katikati na kujazwa kokoto, na pembeni ukatiwa udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Kopo huvutwa juu na kujazwa tena, hadi gunia lifike kimo chake. Maji yakimiminwa juu hushukia katika nguzo ile ya kokoto na kuifikia mizizi ya chini. Kisha ubavu wa gunia hutobolewa matundu, na katika kila tundu huingia mche. Gunia moja hukaa mahali pa kigoda, likalisha nyumba.

Leo twapanda mchicha, mnavu, kunde kwa ajili ya majani yake, bamia, pilipili na nyanya. Watoto hawajachoka kucheka kwamba nyanya yao ndiye anayepanda nyanya. Vidukari vikiingia, twaroweka majani ya mwarobaini usiku kucha, asubuhi tukanyunyiza maji yake. Ukutani tumeacha nafasi ya mrehani na asmini, kwa kuwa bustani ya Waswahili isiyotoa kikuba ingekuwa na upungufu.

Mwaka jana tuliwapeleka watoto Bamburi kuona jambo kubwa zaidi la aina hii. Kulikuwa na machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu yaliyochomwa na jua. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, na tatu tu zikastahimili, mmoja wao ukiwa mvinje. Lakini majani makavu ya mvinje yalirundikana bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Akawaleta majongoo, wakayala majani yale, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji. Leo pale pana msitu, mabwawa na wanyama. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Bamburi, aliyemwokota jongoo ndiye aliyepata miti. Tangu siku ile hakuna mtoto anayekanyaga jongoo katika kiwanja chetu.

Mavuno hugawanywa mafungu matatu. La kwanza ni la waliofanya kazi. La pili huuzwa mtaani ili kununua maji na mbegu. La tatu hupelekwa kwa wazee wanaoishi peke yao, kwa wagonjwa, na kwa wanawake walio katika eda. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa nyumbani miezi 4 na siku 10, na si kila mmoja ana kijana wa kumtuma sokoni. Mabinti zetu humbishia hodi, wakamwachia kapu la mboga na kuuliza hali. Katika kapu lake hatutii asmini, kwa kuwa yeye hajitii manukato mpaka eda iishe. Mmoja wao, siku zake zilipotimia, alikuja langoni asubuhi akiwa na binti zake wawili. Hakusema mengi. Aliuliza tu, “Sepetu iko wapi?” Tulipomaliza kazi tulimfungia kikuba, akakishika mkononi kwa muda mrefu kabla ya kukitia kifuani.

Tumeyaandika haya kwa sababu kiwanja chenyewe sasa kimo katika mashauri. Wasimamizi wa wakfu wamepata mtu anayetaka kujenga maduka hapo na kulipa kodi kila mwezi. Hatuna neno la kuwalaumu. Paa lile lile linalotupa maji lavuja juu ya vichwa vya wanafunzi, na walimu wa madrasa wanastahili mshahara wao kwa wakati. Kodi ya maduka ni haki, na mboga za wajane ni haki. Na si rahisi kuamua kati ya heri mbili zinazogombea ardhi moja.

Wametuomba tuonyeshe manufaa ya bustani, nasi tumeona ni ombi la insafu. Tumefungua daftari. Kila Jumamosi twaandika mafungu yaliyovunwa, fedha zilizopatikana na idadi ya nyumba zilizopelekewa. Pia tumechora ramani kuonyesha kwamba maduka mawili yaweza kukaa upande wa uchochoroni, ambako jiwe li wazi na hapaoti kitu, na bustani ikabaki nyuma pamoja na kisima na mwarobaini. Anas amepokea kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba apandacho Muislamu, kikaliwa na ndege, mtu au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Lakini hatukuliegemea hilo peke yake. Wasimamizi ni watu wa amana, na mwenye amana huhitaji hesabu.

Kikao kitafanyika kabla ya masika. Hadi siku hiyo kazi yaendelea kama kawaida, maana miche haingoji uamuzi. Jumamosi hii twahamisha mchicha kutoka kitaluni na kujaza magunia sita mapya. Mwenye gunia kuukuu aje nalo, mwenye kopo kubwa la rangi alitoe kitako na kulisafisha, na asiye na kitu aje na mikono yake. Watoto wavae viatu vya kufunika vidole, kwa kuwa vigae vya jaa la zamani bado huibuka udongoni. Lango hufunguliwa mara tu baada ya sala, na kazi humalizika kabla jua halijakuwa kali.