Gauni la Kigali na Jasho la Fundi

Ukifika soko la Kimironko mjini Kigali utawaona mafundi cherehani wameketi safu kwa safu, vitenge vikining'inia juu yao. Mgeni husema upesi: hili ndilo vazi la mwanamke lisilo na dhuluma. Nilimwuliza fundi mmoja kitambaa chake kimetoka wapi. Akacheka: "Kimevuka mipaka mingi kuniliko mimi."

Mwaka 2016 serikali ya Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba, iitwayo huko caguwa, kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ili ushonaji wa nyumbani ukue. Wachuuzi wengi wa mitumba, akina mama miongoni mwao, wakapungukiwa riziki. Mwaka 2018 Marekani nayo ikayaondolea mavazi ya Rwanda msamaha wa ushuru.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kulipa uliza mambo matatu: kitambaa kimetoka wapi, fundi amelipwa kiasi gani kwa gauni hili, nalo litadumu miaka mingapi? Lebo hutaja nchi tu. Jasho la mshonaji haliitaji.