Anza na umeme, maji yaje mwisho

Kasongo

Mpwa wangu,

Orodha yako ya vipande vya kompyuta imenifikia, na kijana wa duka la fotokopi amenichapia kwenye karatasi kwa kuwa macho yangu na kioo cha simu hayapatani tena. Nimeisoma yote. Hapa sote wazima. Mama yako yuko kwenye mpunga tangu alfajiri na anakusalimu sana.

Umesema ukimaliza masomo huko Lubumbashi utarudi Kabambare kufungua studio, ukate video za arusi na urekodi kaswida na nyimbo za vijana. Kazi ni nzuri na wateja wapo. Lakini orodha umeianza na bloku ya maji, mipira ya kung'aa na taa za rangi, kisha umeme ukauandika mstari wa mwisho kwa neno moja tu, "sola". Hapo ndipo nakuomba tukae kidogo.

Prosesa uliyoitaja, Core i9-14900K, ikikazwa hufika wati 253. Kadi ya picha, RTX 4090, imewekewa wati 450. Hivyo viwili tu vimeshapita 700. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, na kama ni ile ya risasi na asidi, anayetaka idumu haitumii zaidi ya nusu. Piga hesabu mwenyewe: saa moja haitimii, na bwana arusi amekaa kwenye benchi anangoja filamu yake. Mchuuzi wa Dubai aliyekupa bei hajui kwamba Kabambare utategemea jua na jenereta, wala si kazi yake kujua.

Ukichukua Ryzen 5 7600, ambayo imepangiwa wati 65, pamoja na RTX 4060 yenye wati 115, betri hiyohiyo, ukihesabu pia skrini, inveta na vipande vingine, itakupa karibu saa mbili za kazi nzito. Betri mbili, saa nne. Video ya arusi itachelewa kukamilika, ndiyo, lakini itakamilika. Na Ryzen hiyo huja na feni yake ndani ya boksi, hununui kitu kingine.

Sasa maji. Vijana wengi wanadhani maji yanaleta baridi. Hayaleti. Yanabeba joto kutoka kwenye prosesa na kulipeleka kwenye rejeta, kama kwenye Land Cruiser, na pale feni inalisukuma nje. Nje ni wapi? Ni ndani ya chumba chako. Chumba kikiwa na nyuzi 34 chini ya mabati saa nane mchana, maji hayatashuka chini ya 34 hata ununue rejeta ndefu kama mlango. Kwa hiyo dari na madirisha mawili yanayotazamana vinatangulia rejeta. Fundi seremala atakufaa kuliko mchuuzi wa Dubai.

Sababu yako moja naikubali, nayo ni kelele. Anayerekodi sauti hataki feni ivume karibu na maikrofoni. Lakini pampu nayo huvuma, na ile iitwayo D5, ambayo wengi wanaisifu, inaweza kula hadi wati 23 kwa kupoza tu. Kompyuta ikae chumba cha pili, upitishe waya mrefu ukutani. Halafu tuambiane ukweli: jenereta ya jirani itaingia kwenye kaswida kabla ya feni yako.

Najua hutaniacha hapo. Ulipokuwa mdogo ulifungua redio yangu kuona sauti inakaa wapi. Basi ukishikilia maji, nisikilize kwa makini.

Usinunue ule mtambo uliofungwa kiwandani. Pampu yake ikifa, unatupa kitu kizima. Nunua vipande mbalimbali, pampu, tangi, rejeta, bloku na fitingi za uzi wa G1/4 unaotumiwa na karibu watengenezaji wote, ili kimoja kikiharibika ubadilishe hichohicho. Bloku ikiwa ya shaba, rejeta nayo iwe ya shaba. Rejeta za bei rahisi mara nyingi ni za alumini, na alumini ikikutana na shaba ndani ya maji yaleyale huliwa polepole mpaka itoboke. Ukiweza kuishika mkononi, utaijua kwa wepesi wake.

Mipira iwe laini, si ile migumu ya kukunja kwa moto. Ile migumu ni mizuri kwa picha, lakini mzigo wako utavuka ziwa mpaka Kalemie au utapanda treni ya Kindu, na mwisho utafungwa nyuma ya pikipiki. Kioo cha ubavuni kitapasuka kabla hujaniona. Chagua kasha la bati tupu. Na kompyuta ikishaunganishwa, usiisafirishe ikiwa na maji ndani.

Maji yenyewe yawe yaliyotoneshwa, pamoja na dawa ya kuzuia ukungu. Ya kisima yana madini, yataganda kwenye matundu membamba ya bloku. Dukani utauziwa "maji ya betri". Soma chupa mara mbili, maana zipo zenye maji safi na zipo zenye asidi, na muuzaji anaziita jina moja. Ukimwaga asidi humo, umemaliza kompyuta na pengine macho yako.

Siku ya kujaza, washa pampu peke yake, vingine vyote visipate umeme. Tangi liwe juu ya pampu, na pampu isizunguke kavu. Tandika karatasi chini ya kila fitingi, uache usiku kucha. Karatasi ikilowa, kaza upya uanze tena. Usione haya kurudia. Apple wenyewe mwaka 2004 waliuza Power Mac G5 iliyopozwa kwa maji, na baadhi zilikuja kuvuja.

Kuhusu bei, usikubali kuambiwa kwamba vitu hivi ni ghali kwa kuwa ni vigeni kwetu. Vipande vimeungwa kwa bati, kapasita nyingine zina tantalumu, miguso ya prosesa imepakwa dhahabu. Kasiteriti na koltani zinatoka Maniema, na dhahabu inachimbwa Namoya, humohumo Kabambare. Tunauza kwa kilo, tunanunua kwa gramu. Hilo ni la siku nyingine, linanipandisha shinikizo la damu.

Orodha yangu basi inaanzia mwisho wa yako: paneli na betri, inveta ya wimbi safi, kifaa cha umeme cha kompyuta kinachokubali kuanzia volti 100 hadi 240, halafu prosesa na kadi ndogo nilizokutajia. Kasha liwe na nafasi ya rejeta ya milimita 360, ili studio ikikulipa uongeze maji baadaye. Taa za rangi zifute.

Andika orodha upya unitumie, na usimpelekee mchuuzi hata franka moja kabla sijaiona.

Mjomba wako