Kamera Mbili Kinampanda

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Kinampanda hujikuta amebadilishiwa nuru. Sisi wa pwani tumezoea mwanga uliochanganyika na mvuke wa bahari, mwanga usio na kingo kali. Kule juu ya uwanda wa Iramba, mkoani Singida, hasa kati ya Juni na Septemba mvua zikiwa zimekwisha, hewa ni kavu na jua hupiga pasipo pazia. Saa nne ya asubuhi uso wa mtu aliyevaa kofia umekwisha gawanyika: nusu nuru, nusu giza. Kivuli cha paa hulala ardhini kana kwamba kimekatwa kwa mkasi.

Nayasema haya kwa kuwa kazi yangu ni kupiga picha, na safari hii sikwenda nyumbani kumwona mama peke yake. Nilikwenda kuamua. Chama chetu cha akiba na mikopo kilikuwa kimekubali kunikopesha fedha za kununua kamera moja ya kikazi, nami nilikuwa nimebakiwa na wiki mbili za kusema ni ipi. Mkopo huo utalipwa kwa miaka mitatu kutokana na harusi, ubatizo, maulidi na mahafali za watu wa Temeke na Mbagala. Nikikosea, nitakuwa nimeikosesha nyumba nzima.

Kwa hiyo nilifunga katika mfuko mmoja kamera mbili. Ya kwanza, Nikon Z8, niliazimwa na mwenzangu wa kazi. Ya pili, Canon EOS R6 Mark II, nilikodi kwa siku sita. Nilifuatana na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka ishirini na mitatu ambaye ndiye mkono wangu wa kulia. Yeye alikuwa amekwisha chagua hata kabla hatujaondoka. Aliitaka Nikon.

Safari ya siku hizi si ile ya kale. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ilitufikisha Dodoma kabla miguu haijavimba. Kutoka hapo tukapanda basi kupitia Manyoni hadi Singida, mji wa mawe makubwa na maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Tulilala hapo. Asubuhi tukashika njia ya Nzega, na tulipofika Misigiri tukaiacha barabara kuu, tukaelekea upande wa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Kando ya njia alizeti zilizokwisha komaa zilikuwa zimeinamisha vichwa, na kila penye kituo akina mama walituinulia vitunguu na kuku madirishani.

Kinampanda si mji, wala haina haja ya kujidai mji. Wengi waliopata kuisikia wameisikia kwa ajili ya chuo chake cha ualimu, ambacho asili yake ni kazi ya wamisionari wa Kilutheri kabla ya kuwa cha serikali. Kuna walimu wengi katika nchi hii waliojifunzia pale namna ya kushika chaki. Safari hii mtoto wa mdogo wangu alikuwa amemaliza masomo hapo, na nyumbani kwa mama iliandaliwa karamu ya kumpongeza.

Mpwa wangu alimwamkia bibi yake, "Shikamoo, bibi." Mama akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akautazama mfuko alioubeba kijana. "Mmeniletea nini kizito namna hiyo?"

"Kamera, bibi."

"Mbili?"

Swali hilo lilikuwa ndilo langu.

Yafaa nieleze kidogo kwa msomaji asiye wa kazi hii. Kamera kubwa tulizokulia nazo zilikuwa na kioo ndani, kilichoupandisha mwanga hadi kwenye jicho la mpiga picha. Ukibonyeza, kioo huruka juu kwa kishindo, mwanga hupita, kisha kioo hurudi. Mwaka 2008 ilitokea Lumix G1 ya Panasonic, iliyokitupa kioo hicho. Katika kamera za namna hii mwanga huangukia moja kwa moja juu ya kihisi, yaani ile sahani ya umeme iliyochukua nafasi ya mkanda wa filamu, na jicho lako hutazama televisheni ndogo sana iliyo ndani ya kitundu. Picha unaiona jinsi itakavyokuwa kabla hujaipiga. Kamera kuu za kioo za Canon na Nikon zilizotoka mwaka 2020 hazijafuatwa na nyingine za aina yake. Anayenunua leo kwa mkopo wa miaka mitatu hana budi kwenda na wakati.

Hizi mbili tulizobeba si changa tena. Canon ilitoka Novemba 2022, na Marekani bei yake ilitangazwa kuwa karibu dola 2,500. Nikon ilitoka Mei 2023, kwa karibu dola 4,000. Canon ina nukta milioni 24 katika picha yake, Nikon ina milioni 45. Canon, pamoja na betri na kadi, ina uzito wa gramu 670; Nikon gramu 910. Hesabu za namna hii ukizisoma mezani huona kama umekwisha elewa. Bega lina hesabu yake.

Siku ya kwanza tulishuka hadi ukingo wa mlima wa Sekenke, mahali ambapo uwanda wa Iramba unakatika ghafula na nchi tambarare ya Wembere inaanza kule chini. Dereva wa lori akifika hapo hunyamaza hata kama alikuwa akiimba. Jina la Sekenke limo katika historia kwa dhahabu yake: Wajerumani walichimba hapo, na mwaka 1916, vita vilipokuwa vimewakatia njia ya bahari, dhahabu hiyo ilitengenezwa sarafu mjini Tabora, zenye picha ya tembo.

Tuliweka kamera zote mbili juu ya miguu mitatu, tukapiga Wembere jioni. Hapa sina ubishi. Katika picha ya Nikon niliweza kuikuza sehemu ndogo kabisa ya bonde, nikaona vichaka kimoja kimoja na njia ya ng'ombe ikipita kati yao. Canon ilionyesha bonde lilelile vizuri, lakini nilipokuza, njia ya ng'ombe ilikuwa imeyeyuka. Mpwa wangu alinitazama bila kusema neno. Kijana akikaa kimya namna hiyo amekwisha shinda.

Lakini ni nani wa Temeke aninunuliaye bonde? Usiku ule, baada ya ugali wa uwele na mlenda, niliketi na kalamu. Kwa uchapaji mzuri, yaani nukta 300 kwa kila inchi, picha ya Canon hutoka yenye urefu wa sentimita 50 na kimo cha 33. Ya Nikon hufika 70 kwa 46. Mteja wangu mkubwa kabisa huomba picha ya kutundika sebuleni juu ya kochi, nayo haizidi hizo 50. Hali kadhalika kila picha ya Nikon, ikihifadhiwa yote bila kupunguzwa, hula nafasi ya karibu mara mbili. Kompyuta yangu ya ofisini ina umri wa miaka saba. Harusi moja ya picha elfu tatu ingeilaza kitandani.

Jumapili tulikwenda kanisani. Ndani palikuwa na giza la ubaridi, na kwaya ilisimama huku dirisha likiwa nyuma yao, jambo ambalo mpiga picha hulichukia. Zamani za filamu, mahali kama hapa watu weusi tulitoka picha za meno na macho tu. Na si kosa la wapiga picha peke yao, maana kwa miaka mingi maabara za nchi za Magharibi zilizisawazisha rangi za filamu kwa kutumia kadi zenye picha za wanawake weupe. Kamera hizi mbili ziliziona nyuso za wanakwaya wote, tena zenyewe zilitafuta jicho la mtu na kulishikilia. Nikon haina shata ya chuma kabisa. Inapiga kimya kama paka apitavyo, picha 20 kwa sekunde. Canon nayo yaweza kunyamaza ukiiamuru. Lakini kunyamaza kwake kuna gharama: kihisi chake husoma picha polepole zaidi, kutoka juu kwenda chini, na kitu kiendacho mbio huweza kupinda. Nje ya kanisa mpiga ngoma mmoja alikubali tumjaribie. Katika picha moja ya kimya ya Canon fimbo yake ilitoka imejipinda kama upinde wa kuwindia. Niliporudisha shata ya chuma, fimbo ikanyooka. Basi, kwenye ngoma nitatumia shata ya chuma, na kwenye sala nitanyamaza.

Juu ya betri sina mengi. Zote mbili hunywa umeme kwa pupa, kwa kuwa ile televisheni ya kitunduni haizimiki. Na aendaye harusini na betri moja amekwenda kutazama harusi. Vumbi nalo ni adui wa zote. Nikon ina kifuniko kinachokifunga kihisi ukizima kamera, jambo la hekima. Hata hivyo hakuna kifuniko kitakachomwokoa mtu anayebadilisha lenzi katika upepo wa Agosti kijijini.

Sasa nifikie lililonikosesha usingizi. Miaka minne iliyopita nilipiga harusi moja Mbagala kwa kamera yenye tundu moja la kadi. Usiku nilipoipachika kadi kwenye kompyuta, haikufunguka. Nilimpelekea fundi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuna kilichotoka. Nilirudisha fedha zote na kuongeza juu yake. Mama mzazi wa bibi harusi alifariki kabla ya mwaka kwisha, na mwanawe hana picha hata moja waliyosimama pamoja siku ile. Hunisalimu vizuri tukikutana sokoni. Ningependa zaidi angenitukana.

Tangu hapo sitazami kamera ya kikazi isiyoandika kila picha mahali pawili kwa wakati mmoja. Zote mbili huweza. Lakini Canon hutumia kadi mbili za aina moja, zile za SD ambazo hata Singida mjini utazipata. Nikon ina tundu moja la SD na jingine la CFexpress, kadi yenye mbio kubwa na bei kubwa, ambayo ikikuharibikia Kinampanda umekwisha. Utabaki na tundu moja kama mimi wa Mbagala. Mpwa wangu alisema, "Mjomba, unanunua kamera kwa hofu." Nilimjibu kwamba hofu hiyo niliilipia.

Siku ya karamu tulipiga kwa zamu. Yeye alishika Nikon, mimi Canon. Mwalimu mpya alivaa joho, majirani walijaa uani, na mama aliketishwa katikati ya watoto, wajukuu na vitukuu, watu arobaini na wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ukoo wetu wote kukaa mbele ya kamera moja. Baba hatuna picha yake isipokuwa ile ndogo ya kitambulisho, ambayo panya wamekula pembe. Tulipiga mchana tukaharibikiwa na jua, tukawasubirisha watu hadi saa kumi na moja na nusu, nuru ilipolala na kuwa ya dhahabu. Kufikia hapo bega la kijana lilikuwa limeanza kushuka upande mmoja, ingawa hakukiri.

Nilimwonyesha mama picha kwenye kioo cha kamera. Alitazama, akatabasamu, kisha akanyoosha mkono. "Haya, nipe."

"Bado imo ndani, mama."

"Basi itoe."

Kesho yake tulikwenda Kiomboi kuchapisha. Tulichapa mbili, moja kutoka kila kamera, za kimo kimoja, tukaziweka juu ya mkeka mbele yake bila kumwambia ipi ni ya nani. Mimi mwenyewe, kwa umbali wa mkono, sikuweza kuzitofautisha kwa ukali. Mama alizishika moja moja, akazigeuza kuangalia mgongoni kama kumeandikwa kitu, akazirudisha. Kisha akaichukua moja na kuibana kifuani.

"Hii," alisema. "Katika ile nyingine huyu mtoto wa mbele analia."

Ilikuwa ya Nikon. Katika picha zile 20 za sekunde moja, kijana alikuwa amepata kipande cha sekunde ambacho kitukuu alikuwa amenyamaza kuvuta pumzi.

Mpwa wangu alilirudia neno hilo kutoka Kinampanda hadi Misigiri, na kutoka Misigiri hadi Singida. Nilimwacha aseme. Jumatatu iliyofuata nilipeleka karatasi kwenye chama, nimeandika Canon, na kwa fedha zinazobaki lenzi moja ya milimita 85, kadi nne za SD, betri tatu, na mashine ndogo ya kuchapia picha ya kubebwa mkononi. Picha ya kina mama na watoto arobaini na wawili iko ukutani Kinampanda, mbali na mlango, kwa sababu ya lile jua.