Ordinateri ya Michezo Nyumbani: Joto Kwanza, Mwendo Baadaye

Juma hili tunataka kuzungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakipita mbali, tukisema ni mambo ya watoto wanaume: ordinateri ya kuchezea michezo. Mtuvumilie kidogo. Ndani ya sanduku lile kuna feza ya nyumba, kuna kuranti tunayolipa, na kuna saa za jioni za watoto wetu. Mambo hayo matatu hakuna mama asiyeyahesabu.

Hapa Lubumbashi vyumba vya michezo viko karibu kila kartie. Vijana wanalipa kwa kila mchezo, anayeshindwa analipa tena, na saa zinapita. Mtoto wetu mkubwa alipofika miaka 14 alianza kurudi saa mbili ya usiku, halafu saa tatu, siku nyingine kuranti imekatika na njia yote iko giza. Tulimgombeza. Tulimnyima nguo ya siku kuu. Haikusaidia, kwa sababu kule kulikuwa na wenzake, na kwetu kulikuwa na redio tu.

Sisi wazazi wote wawili ni walimu wenye diploma ya ISP, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Zamu yetu ya likelemba ilipofika, tulikaa, tukahesabu, tukanunua ordinateri ya okazio, moja ya zile zinazotoka katika ofisi za Ulaya. Mchana tunapigia humo maswali ya mitihani na kuwaandikia watu kazi zao kwa malipo kidogo. Jioni watoto wanacheza mpira. Tuliona tumemaliza neno.

Lakini mashini ilikuwa inakwama. Mchezaji anapiga mpira, picha inasimama, na inapoamka goli limekwisha kuingia. Siku ya kwanza watoto walicheka. Juma la pili mkubwa akasema: “Mama, hii mashini iko nachoka. Kule haichokake.” Tulielewa anachotaka kusema. Alikuwa anatupa habari kwamba miguu yake itarudi kule.

Fundi mmoja alituambia tununue mashini nyingine, dola 300. Hatukuwa nazo. Ndipo kijana akaleta neno alilosikia kwa wenzake: overkloki. Maana yake ni kukimbiza mashini kupita mwendo uliowekwa na kiwanda. Baba yake akauliza: “Na ikiungua, maswali ya mitihani tutayapigia wapi?” Swali lilikuwa la haki. Hatukulijibu kwa ndiyo wala kwa hapana. Tulisema tutajifunza kwanza, sote pamoja, hata binti yetu wa miaka 12, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Haya ndiyo tuliyojifunza. Kichwa cha ordinateri kinaitwa prosesa, nacho kinafanya kazi kwa mapigo, kama moyo. Prosesa yetu ni Intel Core i5-4570, ya mwaka 2013, na mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 3.2, yaani mapigo milioni 3,200 kwa sekunde moja. Kiwanda kinaacha nafasi kidogo juu ya kipimo kinachoandika, ili mashini ifanye kazi salama mahali pengi. Wapenda michezo wanaitafuta nafasi hiyo. Mwaka 1998 kulikuwa na prosesa ya bei ndogo iliyoitwa Celeron 300A. Iliuzwa kwa mwendo wa megahezi 300, lakini nyingi zilikubali kukimbia kwa 450, na watu wakapata karibu kazi ya prosesa za bei kubwa. Habari zake zinasimuliwa mpaka leo.

Siku hizi Intel imefunga mlango huo kwa sehemu kubwa. Tangu 2011 prosesa nyingi za Intel za nyumbani zimefungwa. Zile zinazofunguliwa mara nyingi zina herufi K mwishoni mwa namba. Tulisoma namba yetu: 4570, hakuna K. Kijana alinuna siku nzima. Lakini ndani ya sanduku kuna sehemu nyingine inayochora picha za mchezo, karti ya picha, na hiyo ilikuwa wazi. Yetu ni GeForce GTX 1050 Ti. Inakula wati 75 tu, na kwa namna nyingi haihitaji waya wake peke yake wa kuranti. Ndiyo sababu inafaa mashini za ofisi, ambazo kisanduku chao cha kugawa kuranti ni kidogo.

Kabla ya kugusa kitu, tulirudi katika somo la fizikia. Joto la prosesa au karti linafuata mwendo, na linafuata volti mara mbili, yaani volti kwa volti. Tuliandika kwenye ubao mdogo wa nyumbani. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 10 bila kugusa volti, joto linaongezeka karibu asilimia 10. Lakini ukiongeza na volti kwa asilimia 10, piga hesabu: 1.1 mara 1.1 mara 1.1, unapata 1.33. Umepata mwendo kidogo, umelipa theluthi moja ya joto zaidi. Kila mama anayepika kwa mbabula anajua: kuna kiasi cha makala kinachoivisha bukari, na kuna kiasi kinachounguza sufuria bila kuharakisha chakula.

Basi tukaanza na joto. Tuliweka programu ya bure ya kulipima, watoto wakacheza dakika kumi, binti akaandika: digrii 98. Hapo tukapata jibu la kukwama. Prosesa za namna hii zinapokaribia digrii 100 zinajipunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Mtoto alikuwa na haki kusema mashini inachoka. Alikuwa anataka kuikimbiza kupita kipimo, na hata kipimo chenyewe ilikuwa haikifikii.

Tulizima, tukachomoa waya, tukashika chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini utoke, tukafungua. Wamama, vumbi jekundu la kiangazi chetu lilikuwa limefunga kila tundu kama blanketi. Tulitumia burashi mpya ya rangi. Ventilateri tuliishika kwa kidole isizunguke tunapopangusa, kwa sababu kuizungusha ovyo kunaweza kuiharibu. Kisha tukaondoa chuma kinachopoza prosesa. Chini yake kuna kipande cha shaba, kwa kuwa shaba inapitisha joto vizuri kuliko aluminiamu. Watoto walishangaa. Shaba wanayoisikia kila siku, ya Kolwezi na Likasi na Kambove, ndiyo inayofanya kazi ndani ya ordinateri. Hatukuweza kujua kama kipande kile kilitoka kwetu, lakini somo la jiografia lilipata nguvu.

Kati ya shaba na prosesa kuna pasta inayopitisha joto. Yetu ilikuwa imekauka kama udongo. Tuliisafisha kwa alkoli ya farmasi, tukaweka mpya, kiasi cha punje ya mchele, si zaidi. Tukarudisha, tukawasha, watoto wakacheza dakika kumi. Binti akaandika: digrii 73. Mchezo ulikuwa umeacha kusimama hewani. Gharama: pasta, alkoli na burashi.

Jambo la pili lilikuwa memori. Mashini ilikuja na bareti moja ya gigabaiti 4. Ordinateri nyingi zimetengenezwa kupokea bareti mbili mbili. Ikiwa na moja tu, ni kama depo yenye milango miwili huku mmoja umefungwa: mizigo ipo, lakini watu wanapanga foleni. Tulitafuta bareti ya pili ya namna ileile na mwendo uleule, ya okazio, tukaichomeka katika nafasi inayoandamana na ya kwanza. Ile mikwamo midogo iliyobaki ikapungua sana.

Ndipo tukafika kwenye overkloki yenyewe, kwa ajili ya karti ya picha. Kwanza tulinakili maswali yote ya mitihani kwenye kle ya USB na kuiweka kabatini. Hiyo ilikuwa sharti ya baba, na ni sharti nzuri. Programu tuliyotumia ni MSI Afterburner, ya bure. Kanuni ilikuwa ya binti: kuongeza megahezi 25 kila mara, kucheza nusu saa, kuandika mwendo, joto na kilichoonekana, halafu kuongeza tena. Kaka yake alitaka kuruka mpaka 200 kwa mara moja. Binti akamwambia: “Yaya, acha kwanza, tuandike.” Walifanya kazi hiyo jioni sita. Kwenye 175 picha zilianza kutoa vidoti vya rangi, kisha mchezo ukajifunga. Tulirudi nyuma mpaka 125 na kuacha pale. Hapo ndipo kijana alipojifunza neno ambalo hatukuweza kumfundisha kwa maneno: kwamba kikomo kinapimwa, na ukikipata unarudi hatua mbili nyuma kwa hiari yako.

Faida yake? Tuseme kweli. Ule mwendo wa kuongeza ulitupa picha chache tu zaidi kwa sekunde. Kusafisha vumbi na bareti ya pili ndivyo vilivyobadilisha mchezo. Tena ekrani yetu inaonyesha picha 60 kwa sekunde, hata karti ikichora 90. Tuliweka kikomo cha 60 ndani ya mchezo. Karti ikapumzika, ventilateri ikanyamaza, na tukaacha kulipa kuranti ya picha ambazo hakuna jicho linaloziona.

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, joto la mji linapanda, na tulirudi tena kwenye hesabu ya ubao. Ukipunguza volti kwa asilimia 10 na kuacha mwendo ulivyo, joto linabaki 0.81, yaani umeokoa karibu sehemu moja kwa tano. Tulishusha volti ya karti kidogo kidogo, kwa daftari lilelile, mpaka tukapata mahali inapofanya kazi bila kulalamika. Wapenda michezo wengi sasa wanaihesabu njia hiyo kuwa ufundi sawa na kuongeza. Kwetu sisi, wenye kuranti inayoshuka jioni watu wote wanapowasha pamoja, imefaa zaidi.

Juu ya kuranti, neno moja la kukaza. Mashini iliyokimbizwa haipendi volti zinazopanda na kushuka. Mwenye dola chache za kutumia anunue stabilizateri kabla ya kufikiri karti mpya. Na delestaji ikikaribia, heri kuzima mapema kuliko kungoja ikatwe katikati, maana kuranti inaporudi kwa nguvu ndipo vitu vingi vinaungua.

Sasa mtauliza: je, mtoto amebaki nyumbani? Jumamosi bado anatoka, ni kijana. Lakini siku za masomo, saa kumi na mbili jioni yuko nyumbani, na si peke yake. Wenzake wanne wamehamia kwetu. Wanapiga kelele, na unga wa bukari unakwisha mapema kuliko zamani. Tulihesabu na hiyo pia. Afazali tulipe kwa unga kuliko kukaa mlangoni saa tatu ya usiku tukisikiliza kila hatua inayopita njiani.

Na binti? Jirani mmoja alimleta mtoto wake wanaume na ordinateri inayozimika ovyo. Alimwita kaka. Kaka akaenda kumwita dada yake, kwa sababu daftari ni lake na ndiye anayejua kuweka pasta bila kuzidisha. Jirani aliangalia kidogo, akakubali. Darasani tunaona wasichana wengi wanaojua hesabu vizuri kisha wanaambiwa mashini si yao. Hakuna aliyewanyima akili. Waliwanyima tu bisibisi.

Kwa hiyo, mama mwenye ordinateri nyumbani, kabla hujakubali kununua nyingine, waulize watoto digrii ngapi inafika wanapocheza. Wakisema hawajui, wape daftari na burashi. Waambie wanakili kwanza vitu vya maana, wazime, wachomoe waya, ndipo wafungue. Keti nao, hata kama hujui kitu, kwa sababu mtoto anayemweleza mama yake kazi anaifanya kwa uangalifu. Na msichana wa nyumba asitumwe dukani saa hiyo. Akae pale, ashike bisibisi.