Ukoo wa Zamu

Kiwalani ya utoto wangu ilifuata zamu za viwanda kuliko ilivyofuata jua. Baba alikuwa mfumaji katika kiwanda kimoja cha nguo kandokando ya Barabara ya Pugu, ambayo leo inaitwa Nyerere. Mitambo haikulala. Wiki ambayo baba aliingia usiku, sisi watoto tulifukuzwa uani mchana kutwa ili apate usingizi, na mama alipakua chakula saa ambayo majirani ndiyo kwanza wanawasha moto.

Nchi ilikuwa imeamua kufuma pamba yake yenyewe. Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Mwanza na Musoma nako vikajengwa viwanda vya nguo.

Baba alitoka Newala. Katika zamu yake walikuwamo Wahaya, Wazaramo, Wanyamwezi, watu ambao kijijini asingewahi kuwajua. Mmoja akifiwa, zamu nzima ilikuja msibani na daftari la michango, na waliotoka kazini alfajiri walikwenda moja kwa moja kuchimba kaburi. Ndugu wa damu walikuwa safari ya siku kadhaa; hawa ndio waliotuzikia babu aliyefia kwetu. Baba alipenda pia kusimulia jinsi Mwongozo wa TANU wa 1971 ulivyowapa ujasiri. Mfanyakazi wa kawaida aliweza kusimama mbele ya meneja mwenye kiburi na kumtajia kipengele cha 15.

Lakini ninayemfikiria zaidi ni shangazi. Aliajiriwa kukagua vitambaa, akawa mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu kupata mshahara ulioandikwa jina lake. Alipoachika, wazee walimtumia nauli arudi nyumbani. Nauli ile aliirudisha. Alipanga chumba Kipawa, akasomesha wanawe wawili, na baadaye akanunua kiwanja. Anayeniambia viwanda vilituharibia mila, humtaja shangazi kwanza, nami pia humtaja yeye kwanza, kwa sababu iliyo kinyume kabisa.

Gharama tuliijua. Mitambo ya kufuma ina kelele ya kumaliza masikio. Wafumaji walizoea kusomana midomo, na baba alifika umri wa miaka hamsini akiwa hasikii adhana ya msikiti uliokuwa nyuma ya nyumba. Vumbi la pamba lilimwachia kikohozi. Bondeni, Mto Msimbazi ulipokea maji machafu ya viwanda na ya machinjio, na mchicha uliomwagiliwa maji hayo ndio tuliokula, kwa kuwa ulikuwa wa bei nafuu. Hapakuwa na aliyetuuliza kama bei hiyo tunaikubali.

Mambo yalianza kulegea baada ya Vita vya Kagera. Fedha za kigeni zilikauka, vipuri vikakosekana, umeme na maji vikawa vya kubahatisha. Mwaka 1984 biashara ya nje ilianza kulegezwa, mitumba ikafurika, na kitenge cha nyumbani kikashindwa na shati lililokwisha kuvaliwa Ulaya. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma ilipoundwa mwaka 1992, baba alikuwa tayari kwenye orodha ya kupunguzwa. Kiinua mgongo kilikuja kwa mafungu, likiingia fungu moja shilingi imekwisha kushuka thamani.

Njaa hatukulala nayo sana. Mama alikaanga maandazi. Kilichoniuma ni jinsi zamu ilivyotawanyika. Huyu alirudi Tabora, yule akawa mlinzi Masaki, wengine walisukuma mikokoteni Kariakoo. Miaka michache baadaye alifariki mtu waliyesimama naye mtambo kwa mtambo, na baba alizipata habari baada ya arobaini.

Sasa binti wa mdogo wangu anashona suruali katika kiwanda cha nguo za kuuza nje. Ana vizibo vya masikio, jambo ambalo baba hakulipata, na mshahara unapita kwenye simu. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu. Nilimuuliza anashona na nani. Akanitajia namba ya mstari wake, kisha akasema, "Baba mkubwa, majina yao siyajui vizuri, wanabadilika mno." Nimemwambia ajiunge na chama cha wafanyakazi, na aanzishe daftari la michango hata kama wapo watano.